Namba ya daladala naiona, tundu la sindano silioni: jicho linafokasi vipi?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani niko Morogoro, mwaka huu nimetimiza miaka 44. Mbali naona vizuri kabisa, daladala ikiwa bado iko kona nshasoma inaenda wapi. Ila kutunga uzi kwenye sindano imekuwa kazi, mpaka ninyooshe mkono, na jioni ndo siwezi kabisa. Jirani ananiambia nisithubutu kuvaa miwani maana macho yakishazoea yanalegea, mwingine kasema nile karoti. Mwanangu wa kidato cha pili yeye ni kinyume changu, kitabu anakisoma ameking'ang'ania puani, ubaoni haoni kitu. Damu moja, imekuwaje? Na jicho lenyewe linafanyaje mpaka lione karibu na mbali?

JIBU: Habari njema dada yangu, na pole na usumbufu. Nianze na la kukutoa wasiwasi, ulivyoeleza hapo karibu kila kitu kinaelekea kwenye jambo moja ambalo kila binadamu akifika umri wako linamfika, awe fundi, mwalimu, mkulima au rais wa nchi. Ila sitaki niishie kukwambia "ni umri" halafu basi, maana watu wengi wameambiwa hivyo wakaondoka hawajaelewa kitu, na asiyeelewa ndo anayekuja kuogopa miwani na kuamini karoti. Kwa hiyo ntakueleza jicho linavyofanya kazi toka mwanzo, na ukishalielewa utaona majibu ya maswali yako yote yamo humo humo.

Chukua hiyo sindano yako. Mwanga wa dirishani ukiigonga, kila kijisehemu cha sindano kinautawanya mwanga pande zote, na kiasi fulani cha huo mwanga kinaingia kwenye jicho lako. Sasa ile miale iliyotoka kwenye nukta moja ya sindano inakuja ikiwa inaachana, na kazi ya jicho ni kuipinda ili ikutane tena kwenye nukta moja, na ikutane juu ya retina kabisa, ile ngozi nyembamba sana iliyotandazwa ndani ya jicho kule nyuma, yenye chembe zinazohisi mwanga. Ikikutana pale pale unaona kitu kikali. Ikiwa haijakutana bado inapofika retina, au imeshakutana kabla ya kufika, basi nukta inakuwa duara la ukungu, na maduara yakipandana ndo hapo tundu la sindano linapotea. Hiyo ndo kufokasi, hakuna siri nyingine.

Na kitu kikiwa mbali, tuseme mita 6 kwenda mbele, miale yake inafika kwenye jicho ikiwa karibu imelala sambamba, haihitaji kupindwa sana. Kitu kikiwa karibu miale inaingia ikiwa imeachana sana, jicho lazima lipinde kwa nguvu zaidi. Shika hilo vizuri maana tatizo lako lote limekaa hapo: kuona karibu kunahitaji nguvu ya ziada, kuona mbali hakuhitaji.

Watu wengi wanadhani kinachopinda mwanga ni lenzi iliyo ndani ya jicho. Kumbe kazi kubwa inafanywa na konea, kile kioo cha mbele kabisa, ambacho ukimwangalia mtu kwa ubavu unakiona kimetokeza kidogo. Nguvu ya kupinda mwanga tunaipima kwa dayopta, jicho zima lina kama 60, na katika hizo konea peke yake ina kama 43, yaani zaidi ya theluthi mbili. Sababu ni kwamba mwanga unapinda sana unapotoka kwenye hewa na kuingia kwenye kitu kizito chenye majimaji kama konea. Ndo maana ukizama baharini ukafumbua macho kila kitu kinakuwa ukungu, maji yakishagusa konea tofauti inakuwa ndogo sana na konea inapoteza karibu nguvu yake yote, ukivaa miwani ya kuogelea hewa inarudi mbele ya konea na ukungu unaisha hapo hapo.

Ila konea haibadiliki umbo. Nguvu yake ni ile ile ukiangalia milima ya Uluguru au ukiangalia kifungo. Anayebadilika ni lenzi iliyo nyuma ya mboni. Yeye ana nguvu ndogo kuliko konea lakini ndiye anayerekebisha, na namna anavyofanya ni nzuri kiasi kwamba mi hata baada ya miaka yote hii bado naipenda kuieleza.

Lenzi ni kitu cha uwazi, upana wake hauzidi sentimita moja, imefungwa kwenye kifuko chembamba kinachovutika na kurudi kama mpira. Kuizunguka kuna msuli wa duara unaitwa msuli wa siliari, na kati ya msuli na lenzi kuna nyuzinyuzi nyembamba sana zimeishikilia lenzi pande zote. Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndo watu wanapopotea. Msuli ukiwa umepumzika, duara lake linakuwa pana, nyuzi zinavutika, lenzi inavutwa pande zote inakuwa bapa, na hapo unaona mbali. Ukitaka kuona karibu msuli unajikaza, duara linakuwa dogo, nyuzi zinalegea, na lenzi ikishaachiwa inajikunja yenyewe inakuwa nene, inapinda mwanga zaidi. Kwa hiyo msuli hauikamui lenzi hata kidogo, unaiachia tu, na lenzi ndo inayotakiwa iwe na uhai wa kurudi kwenye unene wake. Yote hiyo kwa kijana inatokea kwa muda wa kama sekunde moja, hata hajui.

Ukitaka kuona kwa macho yako fanya hivi. Simama karibu na dirisha lenye wavu wa mbu, kama nusu mita hivi, fumba jicho moja. Angalia nyuzi za wavu mpaka uzione vizuri, utaona mti wa nje umekuwa ukungu. Sasa angalia mti, wavu unayeyuka. Huwezi kuvipata vyote viwili vikali kwa wakati mmoja hata ukijitahidi vipi, na ile hali ya kuhama kutoka kwenye wavu kwenda kwenye mti ndo msuli wako unavyoachia na kukaza.

Binadamu amehangaika miaka mingi kujua hili. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyekuja kuishi Cairo, miaka elfu moja iliyopita aliandika kitabu kikubwa cha mambo ya kuona akawabishia waliokuwa wanasema jicho ndo linatoa miale kwenda kwenye vitu, yeye akasema mwanga unatoka kwenye vitu unaingia kwenye jicho. Mwaka 1604 Johannes Kepler akaonyesha kuwa picha inaangukia kwenye retina, tena ikiwa juu chini (ndiyo, kila kitu unachoona kimeangukia retina kichwa chini, ubongo ndo unaelewa kipi kipo juu). Ila swali la "jicho linabadilishaje kutoka mbali kwenda karibu" lilibaki. Wengine walisema jicho zima linarefuka, wengine wakasema konea ndo inajikunja. Akaja daktari Mwingereza Thomas Young, akafanya jaribio juu ya jicho lake mwenyewe ambalo alilichapisha 1801. Aliweka maji mbele ya jicho, kwenye kijichombo chenye lenzi, ili ile nguvu ya konea ife kama inavyokufa ukizama baharini, halafu akajaribu kuhama kutoka mbali kwenda karibu, akaweza kama kawaida. Konea imezimwa na bado jicho linafokasi, basi anayefanya kazi ni lenzi. Akawapima pia watu waliokuwa wametolewa lenzi, akakuta uwezo wa kuhama hawana kabisa. Kisha mwaka 1855 Mjerumani Hermann von Helmholtz ndo akaeleza habari ya nyuzi kulegea kama nilivyokueleza hapo juu, na mpaka leo maelezo yake ndo tunayofundishwa.

Haya, turudi kwako. Lenzi haina mishipa ya damu, na tofauti na ngozi haibanduki ya zamani ikaondoka, inaongeza tabaka jipya juu ya la zamani toka uko tumboni mwa mama mpaka unazeeka. Matabaka ya ndani yanabanana, na lenzi nzima inakuwa ngumu taratibu. We ni fundi utanielewa haraka, ni kama mpira wa kiuno wa sketi ya zamani, ukiuvuta unavutika lakini ukiuachia haurudi. Msuli wako wa siliari bado ni mzima, unakaza kama zamani, nyuzi zinalegea vizuri tu, ila lenzi ikiachiwa haijikunji tena vya kutosha. Ndo maana yale mazoezi ya macho yanayosambazwa WhatsApp, ya kuzungusha macho na kufuata kidole, hayakusaidii kwa tatizo hili: unaufanyisha mazoezi msuli ambao hauna shida. Na karoti, kula tu dada, zina vitamini A na jicho linaihitaji kweli, mtu akiikosa anaweza kupata shida ya kuona gizani na hata konea kuharibika, lakini hakuna chakula kinacholainisha lenzi.

Na hili halijaanza mwaka huu, japo we umeliona mwaka huu. Mtoto wa miaka 10 ana akiba (yaani ile nguvu ya ziada ambayo lenzi inaweza kuongeza ili kuona karibu) ya dayopta kama 14, anaweza kusoma kitu kikiwa sentimita 7 toka kwenye jicho. Kijana wa 20 ana kama 10. Akifika 40 zimebaki kama 5, kwa umri wako kama 4, akifika 50 ni 2 tu, na 60 ni kama 1. Hizo ni wastani, watu wanatofautiana. Umekuwa ukipoteza toka utotoni bila kujua kwa sababu ulikuwa na ziada kubwa, sasa akiba imeshuka mpaka imegusa kazi yako. Mtu ambaye kazi yake ni kuendesha lori anachelewa kugundua, fundi cherehani anagundua mapema sana kwa sababu sindano haisamehe.

Tena we una tepu, jipime mwenyewe sasa hivi. Kaa sehemu yenye mwanga mzuri, fumba jicho moja, chukua gazeti lisogeze taratibu kuelekea usoni mpaka herufi zianze kuwa na ukungu, simamisha hapo, mtu akupimie toka kwenye jicho mpaka kwenye gazeti. Chukua 100 gawa kwa hizo sentimita. Tuseme umepata sentimita 28, 100 gawa kwa 28 ni kama 3.6, hiyo ndo akiba yako ya dayopta. Sasa kushona kwa mkono wengi mnashika kazi kama sentimita 33, hapo unahitaji 100 gawa kwa 33, yaani 3. Utasema mbona 3.6 inatosha? Inatosha kwa dakika chache. Hakuna msuli unaoweza kukaa umekaza mpaka mwisho kutwa nzima, kwa kawaida mtu anafanya kazi kwa raha akitumia kama nusu ya akiba yake. Nusu ya 3.6 ni 1.8. Unahitaji 3, raha yako ni 1.8, pengo ni 1.2, basi miwani ya +1.25 inakufidia. Hesabu hiyo ni makadirio tu, haibadilishi kupimwa, lakini ujue namba ya miwani haitolewi hewani.

Kwa nini jioni ndo unashindwa kabisa? Moja ni uchovu wa msuli, lakini kubwa zaidi ni mboni. Mchana ukikaa barazani kwenye mwanga mwingi mboni inabana inakuwa milimita 2 au 3, na mwanga ukipita kwenye tundu dogo yale maduara ya ukungu yanakuwa madogo hata kama fokasi haijakaa sawa, kwa hiyo mwanga mkali ulikuwa unakufichia tatizo. Giza likianza kuingia mboni inatanuka, ukungu unatokeza wote. Uhakikishe hilo kwa kipande cha karatasi ngumu, la boksi la dawa linafaa, toboa kitundu kimoja kwa sindano, weka kitundu karibu kabisa na jicho kwenye mwanga mkali kisha soma yale maandishi madogo kwenye boksi jingine. Utashangaa yanavyojitokeza. (Usiangalie jua kwa kitundu hicho, na waambie watoto hivyo hivyo.) Kwa hiyo hata kabla hujapata miwani, sogeza cherehani dirishani na jioni weka taa ya mezani inayomulika kwenye sindano, mwanga utokee pembeni usikupige machoni. Ni msaada mkubwa sana na wengi wanaudharau.

Sasa jirani yako na hoja ya miwani kulegeza macho. Naelewa inakotoka, mtu anavaa +1.00 leo, baada ya miaka miwili anahitaji +1.50, anasema miwani imemharibu. Lakini lenzi ingeendelea kuwa ngumu vile vile hata angeifungia miwani kabatini. Miwani haigusi lenzi yako, haigusi msuli, inapinda mwanga kidogo ukiwa bado uko nje ili jicho limalizie kilichobaki. Kingine kinachowachanganya watu ni kwamba ukishaona vizuri kwa wiki kadhaa, ukivua unauona ule ukungu ambao zamani ulikuwa umeuzoea. Ukungu ni ule ule, we ndo umekumbuka kuona vizuri kulivyo.

Na kukaa bila miwani kuna gharama, hili nalisema kwa uchungu kabisa maana naona mafundi wazuri wanaacha kazi wakiwa na miaka 45, 50, wakidhani macho yamekwisha. Huko Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na kuendelea waligawanywa, wengine wakapewa miwani ya karibu wengine wakasubiri, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yakaonyesha waliopewa miwani walizidi wenzao kwa kama asilimia 22 kwa kiasi cha majani waliyochuma. Hapo ni kuchuma chai, sembuse kushona. Na hapa kwetu, utafiti uliofanyika vijiji vya Kongwa, Dodoma, ukachapishwa 2006, ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea wana tatizo hili la kuona karibu, na wenye miwani walikuwa wachache sana. Kwa hiyo hauko peke yako hata kidogo.

Kwenye kuchagua miwani nakuomba jambo moja, usikimbilie namba kubwa. Kuna watu wakijaribu +2.50 dukani wanaona herufi zimekuwa kubwa na nyeusi wanafurahi wananunua. Miwani ya +2.50 inakulazimisha kazi iwe kama sentimita 40 au karibu zaidi, ukirudi nyuma kidogo ukungu, matokeo yake unaishi umeinamia mashine na shingo inauma. We una umbali wa aina mbili, sindano ya mkono kama sentimita 33 na kitanda cha cherehani kama 45 au 50, namba ndogo inayokutosha kwenye sindano ndo itakayokuachia nafasi kwenye mashine. Pima huo umbali wako nyumbani ukiwa umekaa unavyokaa siku zote, uende nao kliniki, na ubebe sindano, uzi na kipande cha kitambaa cheusi ujaribie palepale. Na usishtuke ukimwangalia mteja mlangoni ukiwa umevaa ukamwona ukungu, ndo inavyotakiwa, miwani ya karibu inaleta fokasi yote karibu. Ukichoka kuvua na kuvaa kuna zile nusu fremu za kuangalia kwa juu, na kuna zenye namba mbili kwenye kioo kimoja.

Kitu kingine nilichokiona kwenye maelezo yako. Umesema mbali unaona vizuri kabisa, inawezekana ni macho mazuri tu, lakini inawezekana pia una jicho fupi kidogo. Mwenye jicho fupi miale inakuwa bado haijakutana inapofika retina, kwa hiyo hata kuangalia mbali anatumia akiba ya lenzi bila kujua, na akiba ikipungua anakuwa wa kwanza kuishiwa karibu. Mwambie anayekupima aangalie hilo.

Sasa mwanao. Yeye lenzi yake ni laini kabisa, akiba anayo tele. Tatizo lake kwa maelezo yako ni urefu wa jicho. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 toka mbele mpaka nyuma, likirefuka kwa milimita moja tu kupita nguvu yake ya kupinda, miale ya ubaoni inakutana kabla ya kufika retina na namba ya miwani inakwenda kama -2.50 au -3.00 (ile alama ya kutoa ni ya miwani ya kuonea mbali). Milimita moja! Vitu vya karibu vinamkubali kwa sababu miale yake inaachana zaidi, inachelewa kukutana, inaangukia retina vizuri bila hata msuli kufanya kazi. Kwa hiyo we na yeye hamna ugonjwa mmoja uliogeuka, ni mambo mawili tofauti kabisa, wewe lenzi imekuwa ngumu, yeye jicho limerefuka. Kurefuka huko kuna mchango wa kurithi, na wazazi wote wawili wakiwa nalo uwezekano kwa mtoto unaongezeka, lakini mtoto anaweza kulipata hata kama mama haoni shida ya mbali kabisa.

Mpime na yeye kwa tepu, ila kinyume: jicho moja limefumbwa, mrudishe gazeti nyuma taratibu mpaka herufi zianze ukungu. Zikianza ukungu kwenye sentimita 50, 100 gawa kwa 50 ni 2, basi namba yake iko jirani na -2.00. Halafu mpe kile kitundu cha karatasi aangalie ubao au kibao cha duka la mbali. Kama kwa kitundu anaona vizuri zaidi, shida ni ya fokasi na miwani itaitatua. Kama hata kwa kitundu hakuna nafuu, shida inaweza kuwa kwingine, kwenye retina au kwenye uwazi wa lenzi, na huyo asisubiri, apelekwe kwa daktari wa macho haraka.

Na yeye asinyimwe miwani wala asipewe namba pungufu "ili macho yasizoee". Malaysia walilijaribu hilo kwa watoto wa shule, wengine wakapewa namba kamili wengine pungufu kwa makusudi, matokeo yakatoka 2002: waliopewa pungufu macho yao ndo yalizidi kuharibika kwa kasi. Kinachosaidia kweli kwa watoto ni kukaa nje mchana, kama masaa mawili kwa siku kwenye mwanga wa nje, hii imeonekana kuwapunguzia watoto uwezekano wa kuanza kupata tatizo hili. Kwenye miji mikubwa ya Asia mashariki ambako watoto wanashinda ndani na vitabu, asilimia 80 mpaka 90 ya wanaomaliza sekondari hawaoni mbali bila miwani. Kwa aliyekwishaanza kama mwanao nje bado ni kuzuri, lakini miwani ndo inayomrudisha ubaoni, na kila mwaka apimwe tena maana umri huo jicho bado linakua.

Kabla sijamaliza, mambo ambayo si ya fokasi ya kawaida na hayangoji: jicho kuuma na kuwa jekundu huku unaona duara za rangi kwenye taa, kuona mimweko kama radi au pazia linashuka upande mmoja, kuona kupotea ghafla. Namba inayopanda na kushuka wiki hii na wiki ijayo, nenda kapime sukari, sukari ikipanda na kushuka lenzi nayo inabadilika. Na kama una mzee nyumbani aliyekuwa hawezi kusoma bila miwani halafu ghafla anasoma bila miwani na familia inashangilia, mpelekeni akapimwe, mara nyingi ni mtoto wa jicho anaanza, lenzi inakuwa nzito katikati na kuongeza nguvu, baadaye itaziba. We mwenyewe kwa kuwa umepita 40, usinunue ya barabarani ukaishia hapo, omba wakupime na presha ya macho na waangalie nyuma ya jicho, hiyo presha haiumi na haina dalili mwanzoni.

Mkienda na kijana kliniki, waulize kama watamwekea matone ya kupumzisha msuli wa siliari. Watoto wana msuli wenye nguvu sana, unaweza kukaza wakati wa kupimwa ukadanganya namba, akapewa -2.00 wakati halisi ni -1.25. Matone yanaulaza huo msuli kwa muda, lenzi inabaki bapa, na namba inayopatikana ndo ya kweli. Vitu vya karibu sana vinaweza kumpa ukungu kwa masaa kadhaa mpaka kesho yake na jua litamuumiza, kwa hiyo mpeleke Ijumaa mchana akiwa na kofia, na hakikisha wikiendi hiyo hana mtihani wa kusomea.